Mwanamke Aliyetukana Maziwa

Kwao Nyirabeza, juu kule kwenye milima ya Kivu ya Kusini, mtu aliweza kumtukana jirani, na hata shemeji, kama shemeji mwenyewe yuko mbali kidogo. Lakini maziwa hayakutukanwa. Maziwa yakiharibika, nyumbani kwa mama yake hakuna aliyethubutu kusema yameharibika. Walisema, "Yameshukuru." Maana yake: yametupa yaliyoweza kutupa, sasa yanaaga. Yakiwa na ladha ya majani mabaya walisema, "Yametembea mbali." Yakiingia uchafu, "Yana mgeni." Na waliyasema hayo kwa sauti ya chini, maana ng'ombe ana masikio makubwa, na hakuyapewa ya mapambo.

Nyirabeza aliibeba adabu hiyo akakimbia nayo vita, akaivusha mpaka wa Burundi, akapanda nayo ndege, akafika nayo Louisville, Amerika, mtaa wa Iroquois, ambako ng'ombe pekee aliyeonekana alikuwa amechorwa kwenye paketi.

Alifanya kazi kwenye ghala miaka minane, akifunga vifurushi vya watu asiowajua. Kisha siku moja ikamshika kwikwi. Kwikwi, kitu cha watoto! Siku ya kwanza wenzake walicheka. Siku ya tatu akina mama wa kanisani walimnywesha maji huku wamembana pua. Siku ya sita mmoja wao alimuuliza kwa upole kama hajala karanga za mtu kwa wizi. Ilipofika siku ya tisa kwikwi ikaondoka yenyewe, na macho yakaanza kuuma kama yanavutwa kwa uzi kutoka nyuma. Likazima jicho la kulia. Wiki haikuisha, likazima la kushoto.

Hospitalini walimpa jina la ugonjwa, refu kama treni ya mizigo, ambalo hata wenye lugha yao walilisema kwa kupumzika katikati. Katika watu laki moja, daktari alisema, huwapata wachache wa kuhesabika kwa vidole. Askari wa mwili wake mwenyewe walikuwa wameasi, wakaivamia mishipa ya macho na uti wa mgongo. Mkalimani alitaka kumweleza mara ya pili, Nyirabeza akamzuia. Mtu wa Kivu haelezwi mara mbili habari za askari walioasi.

Dawa ya dripu, kila baada ya miezi sita, iliwarudisha askari kambini. Macho hayakurudi. Miguu ilirudi nusu: siku nyingine ilikuwa yake, siku nyingine ilikuwa kama ya kuazima. Na joto likizidi, kitu kilimbana kiunoni kama mkanda wa mtu mwembamba kuliko yeye.

Kaka yake Rurangwa, mzee wa kanisa na mtu mwema kupita kiasi, alimchukua nyumbani kwake akampa kiti karibu na dirisha. Dirisha! Wazo la mtu mwenye macho. Hapo Nyirabeza alikaa miaka minne. Akisimama, mke wa Rurangwa, Kampire, anasema, "Wifi, pumzika." Akishika sahani kuiosha, wanamnyang'anya. Wageni wakiuliza habari zake, wanajibiwa kwa sauti ya chini, "Amepumzika." Methali inasema mwenye macho haambiwi tazama. Haikumalizia. Asiye na macho huambiwa kaa.

*

Mwezi wa tatu kulikuwa na harusi Columbus, ukoo mzima ukapanda magari. Ukumbini wazee walipeana ng'ombe kwa maneno: ng'ombe wa pembe ndefu, ng'ombe wa rangi ya asali, ng'ombe aliyezaa mapacha. Walisifiwa ng'ombe ishirini pale, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na mkia. Kisha yakaja maziwa, hayo ya kweli, katika vikombe vya mti.

Nyirabeza akapiga funda moja, akalishika mdomoni, akalimeza kwa ajili ya adabu, akakiweka kikombe chini.

"Mbona hunywi, Mama?" akauliza mwanamke aliyeketi kushoto kwake. Kiswahili chake kilikuwa cha Kenya, na sauti yake ya mtu aliyezoea kuuliza akajibiwa.

"Yameangaliwa sana na taa," Nyirabeza akasema.

"Ati?"

"Taa, binti yangu. Hata mimi ningeangaliwa hivyo toka asubuhi ningebadilika."

Yule mwanamke akakinusa kikombe chake. Kisha akasimama. Nyirabeza akasikia viatu vyake vikienda jikoni, vikakaa huko, vikarudi kwa haraka.

"Galoni ziko juu ya meza, plastiki nyeupe, chini ya taa mbili ndefu. Zimekaa hapo tangu saa tatu asubuhi. Mama, nani amekuambia?"

"Yenyewe."

Huyo ndiye Cherotich. Alikuja Amerika kusoma mambo ya vyakula, na sasa alikuwa Buffalo, kwenye maabara ya kiwanda kimoja cha mtindi. Kwao nako, alisema, watu hutia mkaa kwenye kibuyu cha maziwa na kugombana juu ya kibuyu cha nani ni kitamu. Kiwandani kulikuwa na kundi la waonjaji, na nafasi moja ilikuwa wazi.

"Watu tunawafundisha mwaka mzima kuitambua hiyo ladha ya taa," alisema. "Wengine hawaipati kabisa. Mwezi wa tano tuna majaribio. Unaonja, unasema kasoro iko wapi. Ni hiyo tu."

"Na macho?"

"Macho ya nini? Unaonja na macho?"

Miaka minne hakuna aliyemjibu Nyirabeza kwa ujeuri. Alijisikia kama amepewa maji baridi.

*

Kikao kilikaa Louisville, sebuleni kwa Rurangwa. Hakuna jambo la ukoo lisilo na kikao.

"Buffalo!" Rurangwa akasema. "Kule theluji inafika kwenye madirisha."

"Dirisha nimekuachia wewe, kaka."

"Na ugonjwa wako?"

"Ugonjwa wangu hauwezi joto. Miaka minne umenitesa na kiangazi cha hapa Louisville. Sasa ni zamu yake kuteseka."

"Na ukianguka?" akauliza Kampire.

"Nitaanguka Buffalo, wifi. Sakafu iko kila mahali."

"Na dripu?"

"Hospitali ziko huko pia. Daktari ameshatuma karatasi. Mimi na ugonjwa wangu tumehama kihalali."

Rurangwa akakohoa. Alipoanza tena, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejeruhiwa. "Donc, basi, sisi tulikosa wapi? Hatukukulisha? Watu watasema nini? Kwamba Rurangwa amemtoa dada yake, na hali ile aliyo nayo, akafanye kazi?"

Nyirabeza hakucheka. Alijua kaka yake hasemi kwa ubaya. "Mmenilisha mpaka nimekuwa mzigo mnono," akasema. "Nataka nirudi jioni nimechoka kwa sababu ya jambo."

Wakavutana mpaka chai ikapoa mara mbili. Mwishoni Rurangwa akatoa hukumu: aende, ajaribu mara moja. Wakimkataa, atarudi Louisville, na neno kazi halitasemwa tena katika nyumba ile.

"Halitasemwa kamwe?"

"Kamwe."

"Nipe mkono," Nyirabeza akasema. Wakashikana mikono kama watu wanaouziana fahali.

*

Buffalo alifikia kwa Clémence, mjane mwenzake waliyekua naye milimani, ambaye sasa alikuwa akiwahudumia wazee kwenye nyumba yao ya kutunziwa. Aliishi ghorofani, pembeni mwa Grant Street, juu ya duka lililonuka dagaa na sabuni. Clémence alikuwa mtu wa kusali sana na kusema zaidi.

"Weye, donc, watakulipa juu ya kunywa maziwa?" alisema. "Bon, vizuri. Mimi wananilipa juu ya kuwanywesha wazee maziwa, na wengine wananitemea. Muulize Mungu vizuri, labda tumebadilishiwa kazi."

Asubuhi ya jaribio Cherotich alikuja kumchukua. Kwenye korido ya kiwanda palikuwa na baridi safi, ya kuosha uso. Nyirabeza akagonga fimbo yake nyeupe sakafuni, akasikia chumba kidogo mbele.

"Humo ndani taa ni nyekundu," Cherotich akasema. "Tunaweka hivyo ili mwonjaji asiione rangi ya maziwa, isije ikamdanganya."

Nyirabeza akasimama. "Kumbe mnawachukua watu wazima, wenye macho yao mawili, halafu mnagharamia kuwapofusha?"

"Ndiyo hivyo, Mama."

"Mimi nimekuja nimeshapofuka toka nyumbani. Mwambie mkubwa wako amepata nafuu ya gharama."

Mkubwa mwenyewe aliitwa Bwana Kowalik, na sauti yake ilitoka juu kama ya mtu anayesemea ghorofani. Hakuwa mbaya. Alikuwa tu mtu aliyeona fimbo kabla ya kumwona aliyeishika. Alisema kwa kuwa Cherotich ndiye aliyemleta mama huyu, asiwepo wakati wa jaribio; atatafsiri mkalimani wa simu.

Mkalimani alikuwa mwanamume wa Kiswahili kilichopigwa pasi. Akaeleza: vitakuja vikombe vitatu vitatu, mara kumi na mbili. Katika kila vitatu, viwili ni sawa na kimoja ni tofauti. Ataje cha tofauti, kisha aseme kina nini. Na pembeni kuna kopo la kutemea.

"La kutemea nini?"

"Maziwa, mama."

Nyirabeza aliona ni huruma tu kutomsahihisha. Mtu msomi namna ile, na bado amekosea. Kutema maziwa! Akameza vyote thelathini na sita, na kufikia vya mwisho tumbo lake lilikuwa ngoma.

Kikombe cha tofauti alikipata upesi, kama mama anayemtambua mwanawe kwa kikohozi. Shida ilikuwa kwenye kusema.

"Hiki cha kati," alisema. "Yameshukuru." Tena kwa sauti ya chini, ya heshima.

"Anasema maziwa yanatoa shukrani," mkalimani akamwambia Bwana Kowalik.

"Yanamshukuru nani?"

"Hakutaja, bwana."

Kalamu ikaandika. Vikaja vingine. "Cha mwisho. Yametembea mbali."

"Anasema maziwa yamesafiri."

Kalamu. Vingine tena. "Cha kwanza. Yana mgeni."

"Anasema maziwa yana mgeni," mkalimani akasema, sauti yake sasa imechoka, na kiti cha Bwana Kowalik kikalia kama mtu amegeuka kuangalia mlango.

Kiingereza cha Nyirabeza kilikuwa kile cha ghala: boksi, haraka, mapumziko yamekwisha. Hata hivyo alisikia kuna kitu hakikai sawa. Lakini atafanyaje? Mbele ya mwanamume mgeni, na maziwa yenyewe yako pale mezani yanasikia?

Baada ya saa moja Cherotich akaitwa, na Bwana Kowalik akatoa matokeo. Katika kuchagua, mama huyu alikuwa amekosea mara moja tu kati ya kumi na mbili. Hapakuwa na mtu kiwandani aliyefikia hapo. Katika kueleza, alikuwa amepata sifuri.

"Pua anayo," alisema. "Lakini kazi hii ni kusema. Mtu akisema maziwa mabovu yanashukuru, mimi nitayauza. Samahani. Hapana."

Cherotich akaivuta karatasi akaisoma. Akaanza kucheka, kicheko kikakatika katikati kikageuka hasira. "Mama! 'Yameshukuru' ni nini?"

Nyirabeza akamweleza.

"Kwa hivyo ulijua ni mabaya?"

"Shii! Sema polepole."

"Ulijua ni mabaya, na hukusema ni mabaya!"

"Kwetu maziwa hayatukanwi, binti yangu."

"Hapa kuyatukana ndiyo kazi!" Akamgeukia mkubwa wake, wakajibizana kwa Kiingereza cha haraka. Mwishowe akamwambia Nyirabeza: "Amekubali kikombe kimoja. Kesho saa mbili asubuhi, lori la kwanza likifika. Hakuna vitatu vitatu. Utaonja maziwa ya lori lenyewe, utasema. Na Mama, ujue jambo moja. Ukisema ni mabaya, lori linarudi na maziwa yote yanamwagwa. Usipoweza kulisema hilo, nakupeleka stesheni."

*

Maziwa kumwagwa. Mchana ule, jikoni kwa Clémence, Nyirabeza alilisikia neno hilo likimzunguka kama nzi. Mama yake, tone likidondoka chini, alilifunika kwa jani. Na Nyirabeza alikuwa ametoka kwenye milima ambako watu wenye bunduki waliwapiga ng'ombe risasi na kuacha viwele vimejaa. Leo yeye, kwa mdomo wake, amwage lori?

"Bon, jaribu hapa," Clémence akasema. Akafungua friji, akamtilia kikombe. "Mimi nitakuwa ule Mzungu. Mama, haya maziwa iko namna gani?"

"Haya maziwa ni..."

"Ni nini?"

"Ni ma..."

"Eeh?"

"Ni ya Clémence."

"Matusi makubwa hayo," Clémence akasema, "lakini hayatakupa kazi."

Jiko lilikuwa limewaka, chumba kimepata joto, na ule mkanda ukaanza kubana kiunoni. Nyirabeza akatoka akakaa kwenye ngazi za nje, penye upepo. Hapo ndipo simu ya Rurangwa ilipomkuta. Habari zilikuwa zimeshafika Louisville. Habari za kushindwa hazingoji basi.

"Usijali," Rurangwa akasema. "Umejaribu. Kampire ameshafua mto wa kiti chako. Rudi, dada, upumzike."

Upumzike. Nyirabeza alilisikia neno hilo kama hajawahi kulisikia. Sauti ileile ya chini. Upole uleule. Akalitambua.

"Kaka, nimeshukuru?"

"Nini?"

"Mnapowaambia wageni nimepumzika. Mnataka kusema nimeshukuru. Nimetoa nilichokuwa nacho, sasa naaga. Si ndiyo?"

"Nani amesema hivyo?"

"Hakuna. Ndiyo maana naumwa roho. Miaka minne mnasema 'hali ile', 'lile jambo', 'kilichompata'. Mnanifunika jani. Sema neno lenyewe."

"Neno gani?"

"Kipofu."

"Siwezi kukuita hivyo, weye ni dada yangu!"

"Sema, Rurangwa."

Upande wa pili Rurangwa akaufunga mlango kwanza, wa nyumbani wasisikie. Kisha kaka yake akalisema, kwa sauti ya mtu anayekanyaga mavi ya ng'ombe kwa mguu mtupu. "Weye ni... kipofu."

"Na?"

"Na mgonjwa."

"Wa ugonjwa usiopona."

"Wa ugonjwa usiopona. Nyirabeza, basi!"

"Umeona? Hakuna aliyekufa. Kipofu anakusikia, mgonjwa anakusikia, na wote wawili kesho wana kazi saa mbili. Msalimie Kampire. Ule mto aulalie paka."

"Hatuna paka."

"Mtafute."

Akarudi jikoni. Clémence alikuwa amesikia kila neno, maana madirisha ya Grant Street hayana siri, na alikuwa amepiga ishara ya msalaba.

"Donc utatukana maziwa. Mama yako akikusikia?"

"Mama yangu alinikataza kuyatukana maziwa. Hakuniagiza niyasingizie wema." Akakipapasa kile kikombe mezani, akanusa. "Haya yako yana siku nane, Clémence, na umeyaweka karibu na samaki. Ni mabaya."

"Ai! Kwangu!"

"Nimeanza na rafiki ili nizoee."

*

Asubuhi miguu ilikuwa ile ya kuazima. Alisimama kando ya kitanda akahesabu vidole vya miguu, vikajibu saba. Vya kutosha. Akaenda.

Mlangoni mwa maabara mkono mkubwa ukamshika juu ya kiwiko ukamsukuma mbele, kama mtu anayesogeza kabati. Alikuwa Bwana Kowalik, kwa nia njema. Nyirabeza akautoa mkono ule, kidole kwa kidole.

"Mwambie," akamwambia Cherotich, "mkono huu ni wangu. Akiuhitaji, aombe. Nikiuhitaji wake, nitaomba."

Cherotich akatafsiri, tena bila kupunguza kitu. Bwana Kowalik akasema samahani, na sauti yake ikashuka kutoka ghorofani ikafika karibu na watu.

Maziwa mabichi hayakuruhusiwa kuonjwa. Walikuwa wamechukua kiasi kutoka kwenye lori, wakayachemsha, wakayapoza kwenye barafu kama utaratibu ulivyotaka. Bwana Kowalik akaonja, akasema ni safi. Waonjaji wawili wakaonja, wakasema ni safi. Cherotich akaonja, akakaa, akasema, "Mimi pia sioni kitu." Nje lori lilikuwa likinguruma, dereva anangoja mpira uunganishwe ashushe mzigo kwenye tangi kubwa la kiwanda.

Kikombe kikamfikia. Akachukua funda, akalizungusha. Safi. Safi. Halafu nyuma kabisa, mahali ulimi unapokutana na koo, kitu chembamba kama uzi. Akakifuata, kikajificha.

"Yapasheni," akasema.

"Utaratibu wetu ni kuonja ya baridi," Bwana Kowalik akajibu.

"Baridi huficha. Hayo ni mambo ya mtu anayetaka kuuza. Anayetaka kujua hupasha. Yafike joto la ubavu wa ng'ombe."

"Ubavu wa ng'ombe ni digrii ngapi?"

"Weka mkono kwapani mwako, uongeze kidogo."

Cherotich akatafsiri hilo huku anajizuia kucheka, na mmoja wa waonjaji hakujizuia. Wakayapasha. Kikombe kikarudi kikiwa na uvuguvugu, na kabla hakijagusa mdomo wake, ule uzi ulikuwa umeshakuwa kamba.

Akapiga funda. Akapapasa kopo la pembeni, akalipata, na kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini na mitano ya maisha yake, Nyirabeza binti wa wafugaji akatema maziwa.

"Mabaya," akasema.

Akangoja. Mbingu haikudondoka.

"Mabaya!" Sasa kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe kutoka mlima wa pili. "Yananuka kitunguu cha porini. Ng'ombe wamefunguliwa kwenye majani mapya ya masika, mchungaji amelala, na aliyewakamua alijua, akanyamaza, akayachanganya na mazuri. Ni mabaya, mnasikia? Mkiyatia kwenye tangi yataharibu na wenzake. Msiyabembeleze. Msiyape heshima yasiyokuwa nayo. Yamwageni!"

Akaishika fimbo kwa mikono yote miwili. Alisikia Bwana Kowalik akikichukua kikombe. Akasikia funda. Akasikia kopo likitemewa mara ya pili, na neno fupi la Kiingereza ambalo Cherotich hakulitafsiri.

"Kitunguu," Bwana Kowalik akasema. Kisha akapaza sauti mlangoni: wasiunganishe mpira, lori lirudi.

Lilipokuwa likigeuka uani, Nyirabeza aliinamisha kichwa kidogo. Hakuwa anaomba radhi. Anayemwambia mtu ukweli bado anaweza kumsindikiza.

*

Mkataba uliletwa ofisini kabla ya saa nne. Bwana Kowalik akamtafutia mstari wa kuweka sahihi, akasema karatasi ni za kawaida tu, kila mtu hutia sahihi akaenda zake.

"Kurasa ngapi?" Nyirabeza akauliza.

"Kumi na moja."

"Mwambie asome."

"Zote?"

"Wenzangu wanazisoma kwa macho. Mimi nazisoma kwa mdomo wake. Na kabla hajaanza, aandike: siku za dripu siji, na siku miguu ikigoma nitapiga simu asubuhi, sitaomba msamaha. Chumba kisipashwe moto nikiwemo. Haya, asome."

Bwana Kowalik akasoma, Cherotich akatafsiri. Ukurasa wa tatu Bwana Kowalik akaomba maji. Ukurasa wa tano Nyirabeza akamrudisha nyuma kwenye muda wa mapumziko. Wafanyakazi wawili walipita mlangoni, wakarudi, wakasimama kusikiliza, maana hata wao hawakuwahi kujua walitia sahihi kitu gani. Ukurasa wa nane Bwana Kowalik akasoma haraka, akaruka.

"Rudia hapo," Nyirabeza akasema.

Akarudia. Cherotich akachelewa kutafsiri. "Inasema, Mama... mwonjaji sharti awe na uwezo wa kuona vizuri na kutofautisha rangi."

"Kwenye kile chumba chenye taa nyekundu?"

Mlangoni mtu mmoja alikohoa.

"Ni sentensi ya zamani," Bwana Kowalik akasema. "Mawakili waliiweka. Haina maana."

"Kama haina maana, haitaumia. Aifute."

Karatasi ikavutwa. Nyirabeza akatega sikio.

"Sijasikia kalamu."

Kalamu ikapita, kavu, kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho.

"Mara ya pili," akasema. "Mstari mmoja, mwenye macho anaweza kusoma chini yake."

Kalamu ikapita tena.